Ukikwama, Tuandikie

Jumatatu, 3 Machi

Mashine imefika. Binti yetu ameituma kwa basi la mizigo, ndani ya boksi linalozidi kabati letu la vyombo. Mke wangu alikaa kitandani akinitazama nikilifungua, akihema kama mtu aliyetoka kupanda ngazi, ingawa tangu asubuhi hajapanda chochote. Ndivyo anavyohema tangu mwaka jana. Vumbi la pamba alilovuta miaka yote ile kwenye kiwanda cha nyuzi limehamia mapafuni na halina mpango wa kuhama. Daktari hakuzunguka: bila oksijeni ya mashine, mchana na usiku, mvua za msimu huu hatazimaliza.

Kwa hiyo nilitafuta kijitabu kabla ya kugusa kitu. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa msoma prufu, msaka makosa kabla ya kuchapwa, wa vijitabu vya maelekezo: majiko, pampu, cherehani, redio. Sifungui hata kopo la rangi bila kusoma. Mke wangu ndiye aliyeniita Prufu, na mtaa mzima ukalidaka jina.

Hakuna kijitabu. Kuna karatasi moja tu iliyokunjwakunjwa. Upande mmoja una maonyo kwa lugha nyingi, ya kwetu haimo. Upande wa pili ni michoro: kijamaa kisicho na macho wala mdomo kinachomeka waya, kinabonyeza, kinainua kidole gumba. Pembeni kuna kile kisanduku cha vidoti vyeusi cha kupigwa picha na simu za kisasa. Simu yangu ni ya vitufe.

Zamani kijitabu cha pampu kilikuwa kitabu hasa. Kila katazo lilikuja na "kwa sababu" yake. Usiwashe pampu ikiwa kavu, kwa sababu mpira wa ndani utaungua. Mtu akishajua sababu, hata lile ambalo hukumwandikia atalikisia mwenyewe. Na ukurasa wa mwisho ulikuwa na kichwa kimoja, UKIKWAMA, na chini yake: tuandikie, kisha anwani. Watu waliandika kweli, na mhandisi aliwajibu kwa mkono wake. Halafu vijitabu vikaanza kukonda. Kwanza waliondoa sababu, kisha wakaondoa maneno, wakabakiza maonyo ya wanasheria. Mwisho wakatuondoa sisi wasoma prufu.

"Prufu," akasema mke wangu, "unaisoma au unaigombeza? Hebu washa."

Nikawasha. Taa ikawa ya kijani, mpira wa hewa ukaanza kupuliza, naye akauweka puani na kufumba macho.

Jumanne, 4 Machi

Amekula sahani nzima. Kijani.

Jumapili, 9 Machi

Mvua zimeanza rasmi. Mke wangu ameomba kapu lake la nyuzi, nami nilijua yanayokuja. Katika nyumba hii hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa chake cha kufuma, mtungi una chake, migongo ya viti ina vyake, na hata kile kigoda ninachovalia viatu kina kitambaa. Ameniomba nipime urefu wa mashine kwa kamba.

"Ni mashine, mama, siyo mtoto mchanga."

"Imetumwa na mwanangu. Itakaaje bila nguo?"

Vidole vyake vinakwenda haraka tena. Sijaona hivyo tangu mwaka jana. Nimefurahi, nasema kweli.

Jumatano, 12 Machi

Bati linavuja karibu na kitanda. Tumeweka beseni.

Matone hayo ndiyo yaliyonirudisha kwenye karatasi. Mchoro wa tatu ulikuwa umenishinda tangu siku ya kwanza: mashine, juu yake mistari ya mawimbi inayoteremka pande zote, na alama kubwa ya X. Nimeukalia nusu siku nzima. Mawimbi ni maji, nini kingine? Yanaanguka kutoka juu, basi ni maji ya kuvuja. Maana yake ni kwamba mashine isiachwe wazi, isije ikalowa.

Nilimweleza mke wangu. Aliangua kicheko mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo karatasi yako inasema nilichosema mimi. Ifunikwe."

Kitambaa kilikuwa tayari, cheupe, chenye maua pembeni. Nikamwambia kina matundu, maji yatapita. Akakitia bitana ya pazia la zamani, zito, na kukishona vizuri kuzunguka kimo chote. Niliivisha mashine mimi mwenyewe, tukabakiza mahali pa kutokea mpira na kidirisha cha taa. Tuliitazama kama wazazi siku ya kwanza ya shule.

Alhamisi, 13 Machi

Taa ya njano, saa nane mchana. Kile kidude cha kubana kidole, kilichokuja na mashine, kinaonyesha namba ya oksijeni imeshuka. Mke wangu anasema kifua kinambana kidogo tu, na ninaijua hiyo "kidogo tu" yake.

Kwenye karatasi, mbele ya taa ya njano, kuna picha ya kijamaa kimeshika simu. Nikapiga dukani.

"Mzee, umeangalia kwenye maelekezo?" kijana akaniuliza.

"Nimeangalia. Nimeona mtu anapiga simu."

"Basi ndivyo hivyo, unapiga simu."

"Nimepiga. Ndiyo hii."

Akaniambia nizime na kuwasha. Nimezima na kuwasha. Njano.

Jumamosi, 15 Machi

Nesi amepita. Anakaa nyuma ya nyumba yetu na huja akitoka zamu, bila kuombwa. Mke wangu aliivua mashine nguo yake upesi na kuikunja magotini, maana hataki mgeni aione zawadi ya binti yake nusunusu. Nesi alipima, akasikiliza kifua, akanywa chai, tukapiga soga. Taa ikageuka kijani yenyewe.

"Mbona iko sawa?" akasema.

"Inakuheshimu wewe," nikamwambia. "Mimi hainijui."

Alipoondoka tukaifunika. Jioni, njano.

Alhamisi, 20 Machi

Njano. Mvua.

Jumamosi, 22 Machi

Njano. Mvua. Nesi alikuja, ikawa kijani. Akaondoka, ikawa njano. Naanza kuichukia.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekwenda dukani mwenyewe, karatasi ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni kifuani. Nimefika nimelowa chepechepe. Binti wa kaunta alinipa kiti, na hilo sitalisahau, ila mengine yote afadhali niyasahau.

"Nataka kitabu cha mashine hii. Kitabu chenye maneno."

"Siku hizi hawachapi, baba. Vyote viko mtandaoni."

Akavipiga picha vidoti kwa simu yake. Ukurasa ukafunguka, ukasema ukurasa umehamishwa. Akatafuta mwingine, tukapata video. Bwana mmoja anafungua boksi kama letu, muziki unalia, anapapasa mashine na kusifia rangi yake. Alipomaliza kuitoa kwenye boksi, video ikaisha.

"Na taa ya njano?" nikauliza.

"Labda ni unyevu, baba. Mvua hizi. Itunzeni tu."

Nilisimama pale na kujisikia mjinga, mimi niliyekuwa nikirudisha kurasa nzima kwa mhandisi kwa sababu ya nukta moja. Kama mashine ingekuwa inapika wali ningecheka. Lakini hii ndiyo pua ya mke wangu.

Nimerudi na neno moja, unyevu. Tumeisogeza kwenye kona, mbali na bati linapovuja. Mke wangu amerefusha kitambaa kwa pindo jipya mpaka sakafuni, nyayo za mashine zisipate baridi ya sakafu.

Jumapili, 6 Aprili

Tumegombana. Nilimpigia binti yetu na kumwambia amenunua takataka. Akalia. Mke wangu akaninyang'anya simu, akambembeleza mtoto kwa sauti ya kukatikakatika, kisha akanigeukia.

"Mtoto amejinyima, Prufu. Wewe umefanya nini zaidi ya kusoma hiyo karatasi?"

Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni. Midomo yake ina rangi nisiyoipenda. Hafumi tena, kapu liko chini ya kitanda.

Na Nesi naye simwelewi siku hizi. Amekuja, taa ikawa kijani tena, akanitazama mimi badala ya mashine. "Mzee, una uhakika huizimi kuokoa umeme?" Nilimjibu vibaya. Labda hatarudi.

Ijumaa, 11 Aprili

Bati limeachia kabisa. Maji ya kutu yamemwagikia kitambaa, mashine haikuguswa. Mke wangu hakuangalia mashine, aliangalia doa.

"Kifuliwe leo leo. Kutu ikikaa haitoki."

Nimefua. Nimekianika jikoni, na jikoni kwenyewe kuna ukungu. Mashine imebaki bila nguo, nami nimehamisha beseni na kulikodolea macho bati usiku kucha.

Jumatatu, 14 Aprili

Kijani. Kijani tangu juzi! Naogopa kuandika.

Amekaa mwenyewe. Amechana nywele. Ametembea mpaka mlangoni na mpira wake, akatazama mvua, akawasema majirani waliosahau nguo kwenye kamba. Midomo imerudi rangi yake. Nimesafisha plagi kwa kitambaa kikavu siku ile ile ya kutu, kwa hiyo nadhani ilikuwa plagi. Nimempigia binti yetu kumwomba radhi.

Jumanne, 15 Aprili

Kijani. Kitambaa bado kibichi.

Jumatano, 16 Aprili

Kijani. Kitambaa bado. Mvua haijatoa nafasi hata ya kuanika soksi. Mke wangu analaani mvua na mimi namwitikia.

Jumamosi, 19 Aprili

Jua! Kitambaa kimekauka kabla ya adhuhuri. Amekipiga pasi yeye mwenyewe akiwa ameketi, ua kwa ua, akiimba chini chini. Doa karibu limetoka. Ameivisha mashine kwa mikono yake na kuvuta pindo likae sawa.

"Sasa nyumba ni nyumba," akasema.

Jumatatu, 21 Aprili

Jana sikuandika. Leo naandika.

Jana baada ya chakula mvua ilirudi kwa nguvu. Taa ilikuwa njano tangu asubuhi. Nikasafisha plagi. Njano. Nikaisafisha tena. Karibu na saa tisa taa ikawa nyekundu na mashine ikaanza kupiga kelele, mlio mmoja mrefu usiokata. Mke wangu alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi, kucha za bluu. Alijaribu kuniambia kitu, neno likaishia kooni.

Nilikuwa naogopa. Sijawahi kuliandika neno hilo kujihusu, basi liwe hapa.

Nikampigia Nesi, simu inaita tu. Nikapiga dukani. Jumapili. Nikampigia binti yetu, naye akawa anauliza "Baba, karatasi inasemaje? Baba, karatasi inasemaje?" nami nimeishika, nimeikunjua yote juu ya kitanda, na mbele ya taa nyekundu kuna kijamaa kile kile, safari hii kimeshika kichwa. Ndiyo msaada wenyewe. Mtu ameshika kichwa. Nami nilikuwa nimeshika changu.

Nikaamua nimtoe yeye au niitoe mashine, chochote, dirishani, nje, kwa majirani. Nikaikumbatia mashine kuivuta kutoka konani. Kitambaa kikabaki mikononi mwangu chote, na bitana yake, na pindo lake. Joto lililotoka chini yake lilinipiga usoni. Ubavu wa mashine ulikuwa wa moto kama pasi, na pale nyuma, mahali penye vitundu, bitana ilikuwa imenyonywa mpaka vitundu vimeacha alama juu yake.

Sikufikiri lolote. Nilisimama nimekibeba kitambaa. Kelele ikakata. Nyekundu ikawa njano. Nikamshika mkono na kumwambia "vuta, mama, vuta," nami navuta naye. Njano ikawa kijani.

Hapo ndipo nilipoitazama karatasi juu ya kitanda, kwa mbali, bila miwani. Ile mistari inayoteremka pande zote za mashine. Siyo maji. Ni mikunjo ya nguo. Walichora kitambaa na wakakipiga X. Walitaka kuniambia nisiifunike, nami nikaisoma, nusu siku nzima niliisoma, kisha nikamwambia aongeze bitana.

Hii mashine inavuta hewa ili impe hewa. Inapumua. Neno moja lingetosha. Usiifunike, kwa sababu nayo inapumua. Hata asiyejua kusoma angelielewa kwa kusikia mara moja.

Nesi alifika amelowa, amekimbia. Hakuniuliza ya umeme tena. Nilimwonyesha ile alama ya vitundu, akaishika bitana kwa muda mrefu.

Jumamosi, 26 Aprili

Amelazwa, amerudishwa. Daktari anasema moyo umefanya kazi ya punda kwa wiki nyingi, sasa umevimba na kuchoka. Mashine ni nzima, haijawahi kuharibika. Yeye ndiye hatarudi alipokuwa. Nesi aliniambia nje, mlangoni, na alilia kabla yangu.

Kitambaa nimekificha juu ya kabati.

Jumatano, 30 Aprili

Ameuliza kitambaa kiko wapi. Nimesema nimekifua.

"Mvua hii? Kitakauka lini?"

Nikasema sijui.

Jumapili, 4 Mei

Leo aliniita nikae kitandani. Anaongea kwa vipande, anapumzika katikati.

"Ni kitambaa changu. Siyo?"

"Ni mchoro. Wameuchora vibaya."

"Prufu. Ni kitambaa."

"Mimi ndiye niliyekwambia ufunike. Mimi ndiye niliyetaka bitana."

Akafikiri. Nikaona kona ya mdomo wake ikicheza.

"Basi tumeshirikiana," akasema. "Tumeivalisha wote."

Nililia mbele yake, mimi mtu mzima. Aliniacha nilie, halafu akaniagiza nikilete. Sasa amekiweka mapajani na anakifumua. Anavuta uzi, ua moja linayeyuka, anapumzika, anavuta tena. Nashika mpira wa uzi na kuuzungusha.

Alhamisi, 8 Mei

Nimebandika karatasi juu ya mashine, herufi kubwa: USIIFUNIKE, KWA SABABU NAYO INAPUMUA. Mke wangu aliisoma akasema hiyo ndiyo prufu yangu ya kwanza yenye faida. Nesi amechukua nakala za kuwapelekea wengine. Anasema amewahi kuiona mashine kama hii kwingine, ina kitambaa cha hariri.

Jumapili, 11 Mei

Mvua imepungua. Kulikuwa na jua mpaka alasiri, na sauti pekee ilikuwa ya mashine.

"Chukua kalamu," aliniambia. "Andika kijitabu."

"Cha nini?"

"Cha nyumba. Hujui kuitumia."

Nilikataa. Nikamwambia hakuna haja, yupo, nitamuuliza. Akaniangalia tu mpaka nikachukua kalamu.

Akanitajia polepole, nami nikaandika. Mlango wa nyuma nisiusukume, niunyanyue kwanza, kwa sababu mvua huvimbisha mbao na bawaba zitang'oka. Utambi wa jiko nisiupandishe juu, kwa sababu utafuka na masizi yatanishinda kuyafuta. Blanketi zito liko chini kabisa ya sanduku, kwa sababu huwa nalitafuta juu juu na kusema limeibwa. Sukari iko kwenye kopo lililoandikwa chumvi.

"Kwa sababu?" nikauliza.

"Kwa sababu wewe unaamini maandishi. Ungeimaliza."

Miaka yote hii! Tulicheka, akakohoa, nikamshikia kikombe. Kila kitu alikitaja na sababu yake, bila kuruka hata kimoja. Sijawahi kusoma kijitabu kizuri kama hicho, na kila mstari nilitamani uwe na kosa ili nimrudishie aanze upya.

Alipochoka alisema imetosha.

"Bado ukurasa wa mwisho," nikamwambia. "Nikikwama?"

Aliitazama mashine, kipira kidogo cha kupimia hewa kikipanda na kushuka ndani ya bomba lake.

"Ukikwama, uliza. Usikae na karatasi nusu siku."

"Nimuulize nani?"

"Nikiwepo, mimi. Nisipokuwepo, Nesi."

Akafumba macho. Taa ni ya kijani. Nimeandika kwa herufi kubwa kama zamani, UKIKWAMA, na chini yake: muulize mke wako. Ile ya Nesi sijaiandika.